Banio Linalovuja

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inapofunguka asubuhi, Moshi nzima hutazama juu. Mgeni anatoa simu apige picha, na hata mwenyeji aliyezaliwa Uru, aliyeuona mlima huo tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, hupunguza mwendo kidogo. Nimesikia mahubiri mengi yaliyoanzia kwenye theluji ile, na sina ugomvi nayo. Ila mimi nikitaka kutiwa moyo huwa sitazami juu. Nashuka njia ya migombani, nainama, naangalia mfongo.

Kwa asiyeujua, mfongo ni mfereji wa udongo, mara nyingi mwembamba kiasi cha mtoto kuuruka, unaochukua maji mtoni na kuyazungusha ubavuni mwa mlima hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba. Wachagga wamechimba mifongo mamia kwa mamia, toka upande wa Rombo hadi Siha. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa Moshi mwaka 1884, kabla ya mkoloni yeyote kuweka bendera yake mlimani, aliikuta imekwisha kuenea akaisifu. Hakuna mhandisi wa ng'ambo aliyewafundisha watu kazi hii.

Nchi yenyewe ndiyo iliyowasukuma. Mito ya Kilimanjaro imejikatia makorongo marefu kuelekea tambarare, na watu na migomba yao wako juu, kwenye migongo iliyo kati ya korongo na korongo. Unaweza kuishi maisha yako yote ukisikia maji yananguruma chini yako na usiyapate ila kwa kuyabeba kichwani. Maji hayapandi mlima. Njia ni moja tu: kupanda kufuata mto hadi mahali ambapo sakafu yake iko juu kuliko shamba lako lililo kilomita kadhaa huko chini, kuyakinga maji hapo, kisha kuyashusha taratibu kuliko mto unavyoshuka. Mto unaporomoka, mfongo unakawia. Kwa kukawia huko, mfongo unajikuta uko juu ya mto, halafu juu zaidi, mpaka unatokea mgongoni kabisa, katikati ya migomba, na mto umebaki korongoni.

Ufundi wote umo katika kukawia huko. Mfongo ukiinama kupita kiasi, maji hushika kasi, hula sakafu na kingo, na mvua mbili baadaye hapo pana genge. Ukiinama kidogo mno, maji husinzia, hubwaga tope, magugu huota, na wa mwisho kwenye zamu hapati kitu. Kati ya makosa hayo mawili kuna upenyo mdogo sana, na waliochimba mifongo waliupata bila kipimo cha mkononi. Kipimo chao kilikuwa maji yenyewe. Unachimba hatua chache, unayaruhusu yaingie, unayatazama. Yakipiga kelele unainua sakafu. Yakisimama unashusha. Kisha unachimba hatua nyingine chache, maji yakikufuata nyuma. Mwamba ukijitokeza unauzunguka. Kijito kikikatiza unatandaza gogo lililochongwa katikati, unalisimamisha juu ya panda za miti, na maji yanavuka hewani. Mzee mmoja wa Old Moshi, ambaye ukoo wake una mfongo, alinieleza kwa maneno machache: "Mwanangu, mfongo mzuri hausikiki. Ukiusikia, ujue unajila wenyewe."

Siku aliponiambia hivyo nilimkumbuka mfalme Hezekia. Biblia inaitaja kazi yake kwa haraka, katika Wafalme na katika Mambo ya Nyakati, kwamba aliyaleta maji mjini. Msomaji anapita tu, anakimbilia habari za Waashuri. Lakini handaki lenyewe lipo Yerusalemu hadi leo na watu hupita ndani yake, maji yakiwafika magotini. Lina urefu wa mita 533, limechongwa ndani ya mwamba toka chemchemi ya Gihoni hadi Siloamu, na tofauti ya kimo kati ya mwanzo na mwisho ni kama sentimita 30. Rula ya mwanafunzi, katika zaidi ya nusu kilomita! Vikundi viwili vilichimba kwa kuelekeana. Maandishi waliyoyachonga ukutani, yaliyogunduliwa mwaka 1880, hayamtaji mfalme hata kidogo. Yanasimulia jinsi wachimbaji walivyosikia sauti za wenzao upande wa pili wa mwamba, na jinsi shoka lilivyokutana na shoka. Karne saba baadaye kipofu aliambiwa na Yesu akanawe Siloamu, akaenda, akarudi anaona. Maji aliyonawa yalikuwa yameletwa na mafundi wasiojulikana majina, waliojua maji yainame kiasi gani.

Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba muujiza ulipita katika mtaro uliochimbwa kwa jasho. Kuna namna ya kuzungumza juu ya imani inayoona kazi ya mikono kama upungufu wa imani: ukiamini kweli, subiri. Watu wa mifongo hawakuwa na nafasi ya kuamini hivyo.

Turudi migombani. Siku ya zamu yake, yule mzee wa Old Moshi aliondoka nyumbani alfajiri na jembe begani, nami nikamfuata. Adabu ya zamani ni kwamba maji ya asubuhi na mapema ni ya nyumba, ya kupikia na ya ng'ombe wa zizini. Kumwagilia kunafuata baadaye, na usiku maji hayaachwi yapotee bure bali huelekezwa kwenye bwawa dogo la udongo, yajae, yangoje kesho. (Ndugu zetu wa Upare huliita bwawa hilo ndiva, na wao ni mabingwa wake.) Tulipofika kwenye mchepuko wake, palikuwa pamezibwa kwa bonge la udongo lenye nyasi na kipande cha gogo la mgomba kilichokingamishwa. Alipiga jembe mara moja chini ya bonge, akalinyanyua zima bila kulivunja, akaliweka upande wa pili, kwenye mkondo mkuu, akalikanyaga kwa kisigino. Lile gogo alilihamisha vivyo hivyo. Hakuna kilichotupwa. Kilichokuwa mlango wa kufunga huku kikawa mlango wa kufunga kule.

Maji hayakuingia kwa kishindo. Yalitanguliza ulimi mdogo wa rangi ya chai, umebeba majani makavu, povu na siafu wawili watatu wanaohangaika. Ulimi ule ulifika kwenye nyufa za udongo, ukazama, ukapotea. Nilidhani yamekwisha. Mzee hakusogea. Baada ya muda, maji yakatokea tena mbele ya pale yalipozama, yakaenda hatua mbili, yakazama tena. "Unakunywa kwanza wenyewe," alisema, maana yake udongo wa mferejini lazima ushibe kabla haujapitisha kitu kwa mwingine. Kisha alitembea mbele ya maji, anaondoa jani hapa, anasukuma tuta pale kwa ukingo wa mguu, mpaka yakaufikia mgomba wa kwanza yakauzunguka shinani. Pale alipoona tundu la fuko kwenye ukingo alipiga magoti. Alichomeka mkono hadi kiwiko, akatoa udongo mlaini, akaziba kwa udongo mzito aliouchukua mbali kidogo, akaushindilia kwa ngumi. Tundu la fuko lisilozibwa leo ni ukingo uliobomoka kesho, na mbomoko wa kesho ni ugomvi wa majirani wiki nzima.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, Musa anawakumbusha watu jinsi walivyomwagilia Misri kwa miguu yao, kisha anawaambia kuwa nchi wanayoiendea ni ya milima na mabonde, inayokunywa mvua ya mbinguni. Kwa miaka mingi sikuelewa mtu anamwagiliaje kwa mguu. Kumbe ni kile kisigino. Na Kilimanjaro imekataa kuchagua kati ya nchi hizo mbili: mvua inatoka juu, mguu unafanya kazi chini, na mgomba haubagui.

Sasa tufike kwenye banio, maana ndilo lililonifanya niandike.

Banio la asili ni mawe yaliyopangwa mtoni kukinga maji, yakazibwa kwa matawi, nyasi na maganda ya migomba. Linavuja. Ukisimama upande wa chini unaona maji yanapenya kila tundu, na mto unaendelea na safari yake, umepungua lakini u hai. Masika mto unapofura, banio lote husombwa na watu huanza upya. Mtu wa mahesabu akiliona anatikisa kichwa: kazi ya hovyo, maji yanapotea.

Lakini yanapotea kwa nani? Yanapotea kwa banio linalofuata. Mto mmoja una mabanio mengi, la ukoo huu juu ya la ukoo ule, na kila moja linaishi kwa kuvuja kwa lililo juu yake. Hata kule kusombwa kuna faida. Banio lisilosombwa lingeusukumia mfongo gharika yote, na mfongo unapita juu ya nyumba za watu. Mawe yanaachia, mafuriko yanabaki mtoni yanakostahili, na mfongo unasalimika ukingoja kiangazi. Udhaifu wa banio ndio usalama wa kijiji.

Nimelitafakari banio hilo kuliko nilivyotafakari vitabu vingi vya uongozi wa Kikristo nilivyonunua kwa bei ghali. Maombi yetu mengi ni kama banio la zege: yote yaingie kwangu, yasivuje. Halafu tunashangaa baraka zinapogeuka gharika ndani ya nyumba. Sheria ya Musa iliwaamuru wenye mashamba wasivune hadi pembeni wala kurudia kuokota masazo, yabaki kwa maskini na mgeni. Ni mavuno yenye matundu, yameamriwa yawe hivyo. Boazi akazidisha. Aliwaagiza vijana wake waangushe masuke makusudi ili Ruthu ayaokote, na wasimkemee. Huyo alikuwa mtu anayejua kujenga banio.

Tumeona pia kinachotokea banio linapoacha kuvuja. Mwaka 1987 ulikamilika mradi mkubwa wa mpunga wa Lower Moshi, kwa msaada wa Japani, wenye mabanio ya zege na mifereji iliyosakafiwa, na mavuno yake yalikuwa ya kujivunia. Wakulima wa sehemu za juu waliona faida ya mpunga, nao wakalima, nao wakayachukua maji bila kuwaachia wa chini ya kutosha. Mradi uliojengwa vizuri hivyo ukajikuta unapungukiwa maji. Silaumu zege. Kuna mahali udongo unakunywa maji mengi mno, na kusakafia mfereji ni jambo la akili. Ila zege haijui kuwa kuna mtu chini yake. Hilo lazima lijulikane na watu. Na chini kuna watu wengi: maji ya upande huu wa mlima, kupitia Ruvu na Kikuletwa, huishia kwanza katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kwa wavuvi na mitambo ya umeme, kisha hufuata mto Pangani hadi Bahari ya Hindi. Kila anayefungua mchepuko wake Kibosho au Marangu ana jirani ufukweni asiyemjua.

Nisije nikauremba mfongo kupita kiasi. Ulikuwa na mabwana wake: ukoo ulioanzisha ndio uliogawa zamu, na mgeni aliyehamia alikuwa wa mwisho. Kazi ya mfongo ilihesabiwa kuwa ya wanaume, lakini ndoo ya maji ilikuwa kichwani kwa mama, na sijui ni mhubiri gani aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo. Asiyetokea kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kusafisha mfongo, alitozwa faini, mara nyingi ya mbege, pombe ya ndizi, ambayo nayo ilinywewa na waliotokea. Adhabu hiyo ina ucheshi wake: mkosaji anaileta mwenyewe, anakaa na wenzake, na kabla kibuyu hakijaisha ameshapatana nao.

Bruno Gutmann, mmisionari Mlutheri kutoka Ujerumani aliyefika kwa Wachagga mwaka 1902 na kuishi nao, kwa vipindi, hadi 1938, aliyatazama mambo haya kwa subira ambayo wengi wa wenzake hawakuwa nayo. Alichapisha kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga mwaka 1926. Aliamini kwamba kanisa lisiwang'oe watu kutoka kwenye ukoo, ujirani na rika, bali lijengwe juu ya vifungo hivyo. Waliomkosoa walisema anayapenda ya zamani mno, na nadhani walikuwa na haki kiasi. Vijana waliotaka shule na kahawa hawakutaka kuambiwa kuwa uzuri wao uko nyuma yao. Lakini katika jambo moja aliona sawasawa. Watu waliokwisha kujifunza kusubiri zamu ya maji hawahitaji kuanzia mwanzo katika kujifunza ushirika. Nenda leo kwenye sharika za mlimani Jumapili baada ya ibada: mkungu wa ndizi ulioletwa kama sadaka unanadiwa nje ya kanisa, mtu anaununua kwa bei iliyozidi ya soko, kisha anaurudisha unadiwe tena. Mkungu mmoja unatoa sadaka mara tatu. Sadaka inayovuja, kama banio.

Na ile theluji niliyoikwepa mwanzoni? Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika kilomita za mraba zipatazo 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki chini ya mbili. Inahuzunisha, na wengi hudhani kuwa ikiisha mito nayo itakauka. Lakini wataalamu waliopima wamekuta kuwa mchango wa barafu katika mito ni mdogo sana. Maji yanatoka msituni. Mvua kubwa ya mlima haiangukii kileleni; huangukia ukanda wa msitu, kimo cha kama mita 2,000 na zaidi kidogo, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, wakati Moshi mjini haifikishi hata nusu ya hiyo. Msitu huo hupigwa picha mara chache. Una ukungu, matope, kuvumwani na giza. Huko ndiko maji yanakokusanyika, tone kwa tone, yakizama ardhini na kutokea kama chemchemi miezi ambayo hakuna mvua.

Hapo namkumbuka nabii Elisha. Wafalme watatu walikuwa nyikani na majeshi yao, siku saba bila maji, na neno alilowapa, katika 2 Wafalme 3, lilikuwa la ajabu: chimbeni mahandaki bonde zima. Hamtaona upepo wala mvua, aliwaambia, lakini bonde litajaa. Asubuhi maji yalikuja kutoka upande wa Edomu, kutoka mvua ambayo hawakuiona ikinyesha. Wafalme hawakupewa maji kwanza. Walipewa kazi ya jembe, kisha maji yakapata pa kukaa. Nawaza juu ya askari aliyekuwa anachimba usiku ule, kiu imemkausha koo, udongo mkavu, anga halina wingu. Yule ndiye mtu wa imani katika habari ile, na hatajwi jina.

Mzee wa Old Moshi hachimbi mahandaki makavu kwa neno la nabii. Lakini kila mwaka, masika ikiisha, anapanda na wenzake hadi mahali pa banio, na hakuna banio. Kuna mawe yaliyotawanyika na mto unaojipitia. Wanaingia majini hadi mapajani. Wanaanza na jiwe kubwa, wanapanga madogo, wanaleta matawi. Vijana ni wachache kuliko zamani, kwa kuwa wengi wako Arusha na Dar es Salaam, na nyumba nyingi sasa zina bomba. Mifongo kadhaa imeachwa na imejaa nyasi. Iliyobaki inabaki kwa sababu kuna watu wachache wanaorudi kila mwaka kupanga mawe ambayo wanajua kabisa yatasombwa.

Basi, ewe Mkristo wa mlimani unayesoma haya ukiwa mjini: ukirudi nyumbani Krismasi, pamoja na mchele na soda, waulize wazee mfongo wenu unasafishwa lini. Na wachungaji, siku ya msaragambo itangazeni kanisani pamoja na matangazo ya kwaya na harusi, kisha mwende wenyewe. Mama zetu nao waitwe kwenye kikao cha zamu, maana ndoo zimewafundisha mengi. Nendeni na majembe yenu; panga moja au mawili pia yatahitajika, kwa ajili ya matawi. Na mkilijenga banio, msilizibe lote.